Uzi wa Tisa wa Mzee Josia

Katika wiki moja tumbo la Mzee Josia Muthoka lilikua kwa upana wa vidole sita, na katika wiki hiyo hakuwa ameonja hata chembe ya chumvi. Hilo la chumvi nina hakika nalo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikionja chakula chake kila mchana, kijiko kimoja, kabla hakijafika mdomoni mwake. Siku kumi kabla ya hapo alikuwa amekatwa kipande cha ini. Jumatatu iliyokuwa ikija alipangiwa kupasuliwa tena, na daktari aliyempasua mara ya kwanza alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini kwenye korido kwamba hadhani mzee angeamka mara ya pili.

Nimestaafu mwezi uliopita. Wenzangu wa wodi ya upasuaji waliniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijayasahau, na mmoja akaongeza, "Na kabla hujaanza kuyapamba, Sista." Nitajitahidi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaanza nilikoanzia, kwa sababu bila hapo habari ya Mzee Josia haieleweki.

Niliingia kazini Kitui katikati ya miaka ya sitini, nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya kuazima vilivyonibana. Nilidhani nitapewa mgonjwa. Nilipewa sufuria. Kwa miezi mitatu nilichemsha sirinji za kioo, nikanoa sindano kwenye jiwe dogo jeusi, na nikaziba matundu ya glavu kwa viraka, kama fundi wa baiskeli anavyoziba tyubu. Glavu ikiwa na viraka vitatu ilikuwa bado ni glavu. Ikifika vitano, ilipelekwa kwa wafagiaji.

Aliyenitoa kwenye sufuria ni Mzee Ndunda, dresa wa zamani, yaani mfunga vidonda, aliyejifunza kazi jeshini na hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa mfupi, na alitembea wodini asubuhi akimsalimia kila mgonjwa kwa mkono kama mgeni aliyefika arusini. Madaktari walidhani ni adabu tu. Siku moja aliniita.

"Mwikali, unaona ninavyosalimia?"

"Naona, Mzee."

"Hapana, huoni. Tazama vidole."

Nilitazama. Alipokuwa akikushika mkono, vidole vyake viwili vilipanda taratibu hadi kwenye kifundo na kutulia juu ya mshipa, huku yeye akiuliza habari za nyumbani, mbuzi, na mvua. Alipomaliza kuuliza kuhusu mvua, alikuwa amekwisha kuhesabu mapigo. "Ukimwambia mtu unamhesabu mapigo, anaogopa, na mapigo yanakimbia," alisema. "Ukimuuliza kuhusu mbuzi wake hayakimbii. Isipokuwa mbuzi amekufa."

Nilisalimia wagonjwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkono unakwambia mambo matatu kwa pamoja: joto, jasho, na jinsi mshipa unavyopiga. Mashine ya presha inakwambia moja, tena ikiwa zebaki haijavuja.

Kosa langu la kwanza nililikumbuka kila siku. Aliletwa mwanamume wa makamo kutoka upande wa Mutomo, ana tumbo kubwa na macho ya manjano, anatapika damu. Nilimsalimia kama nilivyofundishwa. Mkono wake ulikuwa na joto zuri, mkavu, na mshipa ulipiga kwa nguvu mpaka ukarukaruka chini ya vidole. Nilikimbia kumwambia Mzee Ndunda kwamba huyu atapona, mikono ina joto. Yule bwana alikufa saa nane mchana, na mikono yake ilikuwa na joto mpaka karibu na mwisho.

Jioni Mzee Ndunda alinikuta nikinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wenye ini lililokakamaa ni tofauti," alisema. "Wao mkono wa joto si salamu ya uzima. Usiulize kwa nini, mimi sijui. Nimeona tu."

Ilinichukua karibu miaka kumi na tano kupata mtu wa kuniambia kwa nini.

Nilihamishiwa hospitali nyingine upande wa Makueni, siku ambazo bado tulihesabiwa kuwa ni wilaya ya Machakos. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na viwili, mashine moja ya presha iliyozunguka kama sahani ya sadaka, na saa yangu ya kifuani iliyoning'inia kichwa chini. Kulikuwa pia na utepe wa kupimia, wa kitambaa, ambao ulipotea na ukatafutwa na kila mtu isipokuwa fundi wa kushona mapazia. Kumbukeni utepe huo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliletewa Dakta Waweru, daktari wa upasuaji kutoka Murang'a, kijana mrefu aliyesomea Nairobi na kisha ng'ambo. Alikuwa na mikono ya polepole na mdomo mwepesi. Siku ya kwanza kwenye chumba cha chai alikuta isyo kwenye bakuli langu, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akachungulia.

"Sista, hii kwetu ni githeri."

"Kwenu mnaiga, Daktari."

"Kwetu hata hivyo tunaweka viazi."

"Sisi tuna meno."

Tulielewana tangu hapo.

Mzee Josia alikuja na mkewe, Mama Ndinda, kutoka Kasikeu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mkulima, mzee wa kanisa, mtu wa kuongea taratibu kama anayechagua mbegu. Alikuwa na uvimbe chini ya mbavu, katikati kidogo kuelekea kushoto, mgumu kama ngumi. Ini lenyewe, pale lilipoweza kuguswa, lilikuwa gumu pia na lenye vinundu. Dakta Waweru alimuuliza kuhusu pombe, kwa sababu ni lazima kuuliza.

Mama Ndinda alijibu kabla ya mumewe. "Daktari, hata uji ukichacha hanywi."

Nilijua uchungu uliokuwa kwenye jibu hilo. Nyumbani watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mzee wa kanisa hapati ini la namna hiyo kwa kunywa chai. Kanisani walikuwa wamempumzisha kidogo kwenye kugawa meza ya Bwana, wakasema ni kwa sababu ya afya. Dakta Waweru alimsikiliza, kisha akasema mbele ya ndugu wote waliokuja kwamba ini hukakamaa kwa njia nyingi na nyingine haziko kwenye chupa: homa ya ini ya utotoni, au mahindi yaliyoota ukungu ghalani. Aliyasema mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Nilimpenda siku hiyo.

Uvimbe ulikuwa kwenye kipande cha kushoto cha ini. Ungeweza kutolewa pamoja na kipande hicho. Ukiachwa ungemuua. Ila ini lililokuwa likibaki nalo lilikuwa gonjwa, na hapo ndipo palikuwa na hatari. Dakta Waweru aliketi kwenye ukingo wa kitanda namba saba, kitu ambacho matroni alikataza, akamweleza Mzee Josia kwa barabara anayoijua.

"Mzee, unaijua barabara ya Mombasa pale Salama."

"Naijua vizuri."

"Damu yote ya tumbo na utumbo inapita kwenye ini, kama malori yote yanavyopita Salama. Ini lako limekakamaa, maana yake barabara imekuwa nyembamba. Malori yamepanga foleni. Sasa mimi nikikata kipande cha ini, nimefunga upande mmoja wa barabara. Malori ni yale yale."

"Madereva watazunguka," alisema Mzee Josia. "Watapita kwetu Kasikeu."

"Ndiyo. Watapita njia za vumbi ambazo hazikujengewa malori. Madaraja madogo."

"Na daraja likivunjika?"

"Hapo ndipo mtu hutapika damu."

Mzee alifikiri. "Na wale wasiopata njia?"

"Wanabaki kwenye foleni, presha inapanda, na maji yanavuja kutoka kwenye damu yanaingia tumboni."

"Basi, Dakitari, si uache barabara kama ilivyo?"

"Kwenye kipande hicho kuna shimo linalokua kila siku, Mzee. Litameza barabara yote."

Mzee Josia alimtazama mkewe. Mama Ndinda alikuwa akisuka kiondo, nyuzi za katani zimelala mapajani, na hakuinua kichwa. "Kata," alisema mama huyo.

Alipasuliwa Jumanne. Nilikuwa chumba cha upasuaji. Sitasimulia yote, ila nitasema kwamba ini lililokakamaa linapokatwa hutoa damu kama sifongo, na kwamba Dakta Waweru aliacha kutania kwa saa nne. Tulikuwa na chupa tatu za damu kutoka kwa waumini wa Kasikeu, na tulitumia zote. Kipande kilitoka, na uvimbe ndani yake.

Jumatano mikono ya Mzee ilikuwa baridi, mapigo mepesi na ya haraka, kama ya mtu yeyote aliyepoteza damu. Alhamisi asubuhi nilimsalimia, nikaulizia mbuzi, na nikasikia mkono ule wa Mutomo. Joto, mkavu, mshipa unarukaruka. Hakuwa na homa. Presha ya juu ilikuwa ya wastani lakini ya chini ilikuwa imeporomoka.

Mchana walikuja waumini saba. Kila mmoja alimshika mkono, kama desturi yetu ilivyo, na kila mmoja alipotoka alisema mlangoni, "Asifiwe Bwana, ana joto." Walisali kwa shukrani. Mimi nilisimama na chati yangu nikisema amina na nikiwaza yangu.

Nilimuuliza Dakta Waweru swali nililokuwa nalo tangu Kitui. Alieleza tukiwa tumesimama karibu na sinki. Ini lililokakamaa likishindwa kazi yake, alisema, mishipa midogo ya mwili mzima hulegea na kufunguka, na ya tumbo kuliko yote. Damu ni ile ile lakini mabomba yamepanuka. Moyo unakimbia kujaza, ndiyo maana mkono una joto na mshipa unaruka. Figo, ambazo hazioni mkono, zinahisi presha imeshuka na zinaamini mtu anatokwa damu. Kwa hiyo zinashikilia kila chembe ya chumvi, na chumvi inashikilia maji, na maji yanakwenda tumboni. Ukikata kipande cha ini, yote hayo yanazidi kwa siku au majuma kadhaa, mpaka ini lililobaki lizoee foleni yake. Kama litazoea.

"Kwa hiyo anadanganywa na figo zake," nilisema.

"Figo zake ni aminifu. Zimepewa habari mbaya."

Alitoa amri, na amri yenyewe ilikuwa moja: chumvi hapana. Dripu ni ya sukari tu. Chakula bila chumvi kabisa. Na kila asubuhi nipime tumbo.

Utepe, mnakumbuka, ulikuwa umepotea. Ijumaa asubuhi nilisimama kando ya kitanda nikiwa mikono mitupu, na Mama Ndinda akauliza nilichokuwa nikitafuta. Nilipomwambia, alivuta uzi wa katani kutoka kwenye kiondo chake.

"Mzungushe na huu."

Tuliuzungusha kwenye kitovu, chini ya bandeji, kabla hajala wala kunywa. Tulikata pale ulipokutana. Alifunga fundo moja kwenye ncha na kuutundika kwenye chuma cha kitanda. Jumamosi tulikata mwingine, mafundo mawili. Jumapili mafundo matatu. Nimetumia mashine nyingi tangu siku hiyo, nyingine zina taa, na sijaona iliyosema wazi kuliko zile nyuzi. Zilining'inia sambamba, kila moja ndefu kuliko ya jana. Mfagiaji aliziona. Wagonjwa wa kitanda cha sita na cha nane waliziona, wakaacha kumtania Mzee. Mzee mwenyewe alizitazama kila alipoamka, mpaka nikazihamishia upande wa miguu, na hapo akawa anaziona vizuri zaidi.

Chakula kilikuwa vita vidogo. Chakula cha jikoni letu bila chumvi hakilika, nami nasema hivyo kama niliyekula kwa miaka. Mzee alikisukuma. Mama Ndinda alikuwa amefikia kwa binamu yake umbali wa dakika kumi kwa miguu, na Jumapili aliomba ampikie mwenyewe. Nilikubali kwa masharti: chumvi hapana, hata ncha ya kidole. Aliapa. Nilisema nitaonja, akasema, "Onja, Sista. Mimi nimeolewa na huyu mtu miaka thelathini, ninyi mmekuwa naye wiki moja."

Kila mchana alifika na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Isyo, laini, iliyochemka mpaka mahindi yakapasuka, kwa sababu Mzee alikuwa dhaifu na hakuweza kutafuna. Nilionja. Hakukuwa na chumvi. Ilikuwa kama ya mama yangu. Niliandika kwenye chati: "Chakula bila chumvi, kimethibitishwa," nikaweka sahihi yangu chini. Sahihi hiyo bado inaniuma kidogo.

Tumbo lilikua. Mkojo, ambao nilipima kwa chupa, ulipungua kila siku mpaka ukawa robo tu ya chupa. Jumatano Dakta Waweru alimwanzishia Mzee vidonge vya kukojoza, vile vinavyofanya kazi polepole, akasema tusitegemee kitu kabla ya siku tatu au nne. Ijumaa uzi wa nane ulikuwa umeupita wa kwanza kwa vidole sita. Ngozi ya tumbo ilikuwa imeanza kung'aa.

Jioni hiyo daktari alizichukua nyuzi zote nane, akazipeleka ofisini kuzipima kwa rula ili awasomee wenzake wa Nairobi kwa simu. Aliporudi uso wake ulikuwa umechoka. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba damu imeganda ndani ya ule mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, yaani barabara ya Salama imefungwa kabisa. Hatukuwa na mashine ya kuona. Kumpeleka Nairobi akiwa katika hali ile kulikuwa ni kumpeleka afe njiani. Kilichobaki kilikuwa kufungua tena, Jumatatu. Ndipo aliponiambia lile neno la korido.

Ilibidi aambiwe mke. Mama Ndinda alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akauliza, "Jumatatu ale nini asubuhi?"

"Hatakula, Mama."

"Basi Jumamosi na Jumapili nitampikia vizuri."

Jumamosi asubuhi tulikata uzi wa tisa, tukafunga mafundo tisa, nikautundika. Chuma kilikuwa kitupu, zile nane zikiwa bado mezani ofisini. Niliupima kwa shubiri na vidole, nikaandika namba kwenye daftari bila kuilinganisha na nyingine, na kuendelea na vitanda vingine.

Saa saba Mama Ndinda alileta sufuria. Nilikuwa nimeshika kijiko Dakta Waweru alipoingia, akiwa hajala tangu asubuhi, na nadhani ni huruma iliyonifanya nimpe kijiko badala ya kuonja mwenyewe.

"Onja, Daktari, leo uthibitishe wewe. Uone Wakamba wanavyopika githeri yenu."

Aliweka mdomoni, akatafuna, akakunja uso.

"Kwa nini ina ladha ya sabuni?"

Mama Ndinda alichukia. "Sabuni? Mimi naosha sufuria kwa majivu, Dakitari. Hiyo ni ladha yake."

"Ladha ya nini?"

"Ya isyo. Si ni magadi kidogo tu, iive haraka? Mahindi makavu bila magadi yanachemka mpaka kesho."

Daktari aliteremsha kijiko. Aliuliza polepole kama anayetembea karibu na nyoka. "Mama, unaweka magadi kiasi gani?"

Alimwonyesha. Kiganja kilichokunjwa nusu. "Ameumwa, nataka yalainike."

"Kila siku?"

"Kila siku. Si Sista alisema chumvi? Magadi si chumvi."

Alinigeukia nimuunge mkono, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo matroni alikataza. Nimepika kwa magadi tangu nikiwa na miaka minane. Yalikuwa jikoni kwangu siku hiyo hiyo, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba magadi yana kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi, kile ambacho figo hushikilia, na nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani. Lakini darasani yalikuwa na jina jingine. Kwenye ulimi wangu yalikuwa ni nyumbani tu, na nyumbani hakuna ladha mtu anayoisikia.

"Si kosa lake," nilisema. "Mimi ndiye niliyeonja."

Dakta Waweru hakunikaripia. Alisema tu, "Sista, wiki nzima tumemnyima chumvi ya mezani na kumlisha ya ziwani."

Mzee Josia alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye mto wake. "Kwa hiyo nisipokula magadi sikatwi?"

"Sijui, Mzee. Tutangoja Jumatatu, tuone nyuzi."

"Basi nileteeni kile chakula chenu kibaya."

Alikula kabichi na wali wa jikoni letu, bila chumvi na bila malalamiko, mkewe akimlisha na kunong'ona maneno ambayo mhubiri asingependa kuyasikia kuhusu mpishi wetu. Jumapili mkojo ulijaza nusu chupa. Uzi wa kumi ulikuwa mfupi, wa kumi na moja mfupi zaidi. Jumatatu Dakta Waweru alikuja amevaa nguo za upasuaji, akasimama mbele ya kile chuma, akashika uzi wa kumi na moja kwa vidole viwili, kisha akaenda kubadilisha nguo. Alipotoka tu, mgonjwa wa kitanda cha nane akasema, "Mzee, kumbe ulikuwa na mimba ya magadi." Mzee Josia alicheka mpaka nikamshikia kidonda.

Tulikata nyuzi kumi na nane kwa jumla. Mkono wake ulibaki na joto, lakini mshipa ulitulia kidogo kidogo. Alirudi Kasikeu akitembea, akagawa tena meza ya Bwana, na aliishi miaka tisa. Kila mwaka alikuja kunisalimia, akanipa mkono na kuniambia, "Hesabu, Sista. Mbuzi hawajambo." Sijui ni nani aliyemwambia siri hiyo.

Kuanzia hapo, kwenye wodi yetu amri haikusomwa tena "chumvi hapana". Ilisomwa "chumvi hapana, magadi hapana, na uliza wanachotia kwenye sufuria." Nyinyi mnaoanza mmeikuta ukutani, na labda mlidhani ni matroni aliyekuwa akichosha watu. Nimeisimulia habari hii kwa wanafunzi mara nyingi, nikiimaliza pale daktari anapokwenda kubadilisha nguo. Ni mwisho mzuri.

Mwezi uliopita nilipokuwa nikitoa vitu kwenye kabati langu nilipata bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwemo zile nyuzi, zote kumi na nane, zimefungwa pamoja. Daktari alikuwa amenirudishia zile nane za kwanza siku ile ya Jumatatu, na nilizifunga na nyingine bila kuzitazama. Nilizilaza kwenye meza yangu nyumbani moja baada ya nyingine, kwa kuhesabu mafundo, ili niwaonyeshe wajukuu jinsi zilivyopanda na kushuka.

Uzi mrefu kuliko zote ni wa nane. Wa tisa ni mfupi kuliko wa nane kwa upana wa kidole gumba.

Nilihesabu mafundo upya, na mwanangu akahesabu. Ni tisa. Uzi huo ulikatwa Jumamosi asubuhi, na magadi tuliyasimamisha Jumamosi mchana.

Nilikwenda Kasikeu kumwona Mama Ndinda. Ni mzee sasa na bado anasuka. Aliupapasa uzi, akasema ndiyo, huu ni msokoto wake. Nilimuuliza kama Ijumaa ile mzee alikula isyo. "Alikula," alisema. Kisha akafikiri. "Au alionja akaacha, kwa hofu. Mwaitu, mama, nimepika siku nyingi. Siku moja siwezi kuitoa katikati." Nilimwandikia Dakta Waweru, ambaye yuko Nairobi na ana mvi. Alijibu kwa kadi: huenda vidonge vya Jumatano viliwahi kuliko alivyotegemea, huenda ini lenyewe lilikuwa limeanza kuzoea foleni yake kabla hatujagundua lolote, huenda mkono wangu ulikaza uzi. Mwishoni alikuwa ameandika, "Wewe ndiye uliyekuwepo, Sista. Unaonaje?"

Sikukaza uzi. Daftari langu la siku hiyo lina namba ile ile, kwa mwandiko wangu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi imeandikwa pembeni. Maji yalikuwa yameanza kushuka, na sufuria ya Mama Ndinda, yenye kiganja chake cha magadi, ilikuwa ndiyo kwanza inainjikwa mafigani.